Pumzi Kukatika Usingizini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Madereva Wapya wa Malori, Dar es Salaam

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa ya kukaa na madereva wanaoanza kazi: waliotoka vyuo vya VETA na NIT, waliokuwa utingo wakapandishwa kwenye usukani, na wanaojiandaa kwenda kuendesha Ulaya au Marekani. Yanajirudia karibu kila wiki, mara nyingi baada ya mtu kupewa karatasi ya hospitali asiyoielewa. Nimeanza na ya msingi. Kama una karatasi hiyo mkononi sasa hivi, ruka hadi sehemu ya tatu.

## 1. Ya msingi

Huu ugonjwa ni kitu gani hasa?

Ukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea mpaka njia ya hewa inajifunga. Kifua kinaendelea kuhangaika kuvuta, lakini hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka na kukugutusha kidogo tu, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa kama wa mtu aliyepaliwa, halafu usingizi unaendelea. Asubuhi hukumbuki chochote.

Mkato unaohesabiwa ni ule wa sekunde 10 na kuendelea. Mwenye hali kali hukatika pumzi mara 30 au zaidi kila saa. Akilala saa 6, hiyo ni mara 180 za kugutushwa kwa usiku mmoja. Madaktari huuita apnia ya usingizi, na humu nitatumia jina hilo kwa ufupi.

Kwani mtu anayekoroma si ndiye aliyelala fofofo?

Wengi tumelelewa hivyo: mzee akikoroma tunasema leo kachoka, mwacheni apumzike. Mkoromo ni sauti ya hewa inayopita mahali pembamba, na hauthibitishi kwamba mtu anapumzika. Pia si kila anayekoroma ana apnia. Kinachopaswa kukushtua ni mpangilio wake: mkoromo, kisha kimya, kisha mshtuko wa kuvuta hewa kwa nguvu. Kile kimya ndicho cha kuogopa. Mke anayelala pembeni, au utingo anayelala kitanda cha juu kwenye kichwa cha semi, anaujua mpangilio huu kuliko wewe mwenyewe.

Nitajuaje kama ninao, mbali na kukoroma?

Unaamka umechoka ingawa umelala saa za kutosha. Kichwa kinauma asubuhi, kinywa kikavu, unaamka kwenda kukojoa mara mbili tatu usiku. Presha haishuki ingawa unameza dawa kila siku. Unasahau vitu, unakasirika haraka. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki unasubiri karatasi za mzigo, macho yanajifunga yenyewe.

Kwa wanawake mara nyingi hauji na mkoromo wa kutikisa nyumba. Unakuja kama uchovu usioisha na usingizi wa kukatikakatika, ndiyo maana hukosewa kirahisi. Kina dada wanaoingia kwenye malori wasikubali kuambiwa "ni mawazo tu" bila kupimwa.

Mimi ni mwembamba. Unanihusu?

Unaweza kukuhusu. Unene ndio sababu kubwa, hasa mafuta yanayojikusanya shingoni, lakini taya dogo lililorudi nyuma, tezi kubwa za koo, pua iliyoziba na ukoo navyo vinaleta apnia. Nimeona kijana wa kilo 64 akirudi na majibu ya hali ya kati. Kila mtu kwenye foleni ile alikuwa akimwangalia jamaa mwenye kitambi.

Kwa nini mnawasumbua madereva wa malori zaidi?

Kwa sababu ya hesabu hii. Kasi ya juu ya lori kisheria ni kilomita 80 kwa saa, sawa na mita 22 kila sekunde. Ukipitiwa na usingizi kwa sekunde 4, gari limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Katika ukanda wa Afrika Mashariki lori linaruhusiwa kufika tani 56 pamoja na mzigo wake. Na kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, zenye vipande virefu vilivyonyooka ambavyo jicho halina cha kushika, halafu ghafla kuna kona za Kitonga.

Dereva aliyekesha akilala anapona. Mwenye apnia analala saa 8, anaosha uso, anajiona yuko sawa, na bado anasinzia. Ushauri wa "pumzika kwanza" haumtoshi, kwa sababu mapumziko yenyewe ndiyo yaliyoharibika.

## 2. Sheria na matakwa

Je, Tanzania inanilazimisha kupimwa apnia ili nipate leseni ya lori?

Hapana. Hakuna kanuni inayomtaka kila dereva mpya wa lori alale na mashine usiku mmoja ndipo apewe daraja E. Ukiambiwa na mtu wa mtaani kwamba "bila cheti cha usingizi leseni haitoki", anataka hela yako.

Kuna sheria nyingine inayokugusa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi wakiwa kazini, ili ijulikane kama wanaiweza kazi wanayopewa. Daktari akikukuta kwenye kipimo hicho na presha ya juu, shingo nene na historia ya kusinzia, ana haki ya kutaka uchunguzi zaidi kabla ya kusaini kwamba unafaa kuendesha.

Basi mbona kampuni imeniambia nikapime usingizi, na rafiki yangu kwa tajiri mwingine hajaambiwa?

Kwa sababu mwajiri anaweza kuweka masharti makali kuliko sheria. Wanaobeba mafuta, kemikali au mizigo ya migodini mara nyingi wanabanwa na mwenye mzigo, na mwenye mzigo anafuata taratibu za usalama za kampuni mama huko aliko. Tajiri mwenye malori matatu pale Tabata hana mtu wa kumbana, hivyo hakuulizi. Shingo yako ni ile ile kwa wote wawili.

Naenda kuendesha Marekani. Nimesikia kule kupimwa ni lazima. Ni kweli?

Kwa maneno hayo, si kweli, na hili linawachanganya hata Wamarekani wenyewe. Kanuni ya shirikisho inasema dereva wa magari ya biashara asiwe na tatizo la upumuaji linaloweza kuzuia uendeshaji salama. Haitaji BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) wala unene wa shingo. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa malori, FMCSA, ikishirikiana na ya reli, ilianza mchakato wa kutunga kanuni mahususi ya apnia. Agosti 2017 mchakato huo ukaondolewa.

Uamuzi umebaki kwa mpimaji wa afya aliyesajiliwa kwenye orodha ya taifa. Wengi wao wanajiongoza kwa mapendekezo ya bodi ya madaktari inayoishauri FMCSA, ya mwaka 2016: mwenye BMI ya 40 na zaidi apelekwe kupimwa, mwenye 33 na zaidi apelekwe ikiwa ana vigezo vingine vitatu au zaidi, kama presha, kisukari, mkoromo mkubwa, umri wa miaka 42 na kuendelea, au shingo inayozidi inchi 17 kwa mwanaume, ambayo ni kama sentimita 43. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.70, BMI ya 33 ni takriban kilo 95, na 40 ni takriban kilo 116.

Cheti cha afya cha kawaida kule hudumu hadi miaka 2. Ukikutwa na apnia na ukatibiwa vizuri, tarajia kupewa cha mwaka 1 na kurudi na taarifa za mashine yako ya tiba, CPAP, ninayoieleza sehemu ya nne. Aliyekiri kusinzia kwenye usukani, au aliyepata ajali kwa kusinzia, anaweza kusimamishwa mpaka atibiwe.

Na Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya?

Huko maandishi yako wazi zaidi. Umoja wa Ulaya uliingiza apnia kwenye masharti ya leseni kupitia maelekezo ya mwaka 2014, yaliyoanza kutumika mwisho wa mwaka 2015. Mwenye hali ya kati au kali inayomletea usingizi mwingi mchana hapewi leseni mpaka ionekane kwamba imedhibitiwa, na dereva wa lori au basi hukaguliwa tena angalau kila mwaka.

Uingereza inafuata mstari huo huo. Fomu ya daktari ya madereva wa malori inauliza moja kwa moja kuhusu apnia, na mwenye hali inayoathiri uendeshaji anatakiwa kuijulisha DVLA, mamlaka ya leseni ya huko, mwenyewe. Akinyamaza anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na akipata ajali anaweza kushtakiwa.

Nikipimwa Dar, majibu yangu yatakubaliwa huko?

Yabebe, yatakusaidia. Uamuzi wa kufaa au kutofaa hata hivyo hufanywa na mpimaji wa nchi ile. Beba ripoti kamili yenye grafu na namba, maana barua ya mistari miwili yenye mhuri haimwambii daktari wa kule kitu chochote. Kama umeshaanza mashine, beba na rekodi ya matumizi (tazama "Namba ya asilimia 70" hapo chini).

## 3. Kipimo chenyewe

Wanaanzaje? Wananilaza siku hiyo hiyo?

Hapana. Wanaanza na maswali na futi, ile ya fundi cherehani. Kuna orodha ya mambo manane inayotumika duniani kote, iitwayo STOP-Bang: unakoroma kwa nguvu, unachoka mchana, kuna aliyekuona ukikatika pumzi, una presha, BMI yako inazidi 35, umri unazidi miaka 50, shingo inazidi sentimita 40, na wewe ni mwanaume. Kila "ndiyo" ni alama 1. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 na 4 ya kati, 5 na kuendelea ni kubwa. BMI unaipata kwa kugawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 na kilo 102 anapata 35 na kidogo.

Karatasi ya pili ni ya Epworth, iliyotungwa Australia mwaka 1991. Inakuuliza uwezekano wa kusinzia katika hali nane, kila moja ikipewa 0 hadi 3: ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria safari ya saa moja, baada ya chakula cha mchana bila pombe, hata ukiwa kwenye gari lililosimama kidogo kwenye foleni. Hiyo ya mwisho ukiisoma, fikiria taa za Tazara saa 11 jioni. Jumla ikizidi 10, usingizi wako wa mchana si wa kawaida.

Kijana mmoja aliijaza mbele yangu kwa sifuri tupu, kuanzia juu hadi chini. Aliposhika kalamu kusaini jina, kichwa kikaanguka mbele. Sikumcheka. Nilimpa karatasi mpya tukaanza upya, na safari hii aliniambia kwamba mwezi uliopita alishtukia matairi ya kushoto yako kwenye changarawe pale Mikese.

Kipimo cha usiku kinafanywaje?

Cha nyumbani ni kifaa kidogo cha ukubwa wa simu. Mkanda unafungwa kifuani, kipira chembamba kinakaa puani kupima hewa, na kibanio kinabana kidole kusoma oksijeni na mapigo ya moyo. Unalala kitandani kwako, asubuhi unakirudisha. Hakichomi, hakina sindano. Kinachosumbua zaidi ni kibanio cha kidole kuchomoka ukijigeuza, na hapo usiku mzima unaweza kupotea. Kishike kwa plasta.

Cha hospitali kinaongeza nyaya kichwani, karibu na macho, kidevuni na miguuni, ili kujua ni saa ngapi hasa ulikuwa usingizini. Mtu anakaa chumba cha pili akifuatilia.

Kipi bora?

Kwa dereva mwenye dalili zilizo wazi na asiye na maradhi mengine mazito, cha nyumbani kinatosha kuanzia. Udhaifu wake ni kwamba hakijui kama umelala au umekodoa macho. Kinagawanya mikato kwa saa zote ulizofunga kifaa, kwa hiyo namba inaweza kutoka ndogo kuliko ukweli. Majibu yakisema huna kitu na bado unasinzia, usiridhike, omba cha hospitali. Wenye ugonjwa wa moyo, waliowahi kupooza, au wenye ugonjwa mzito wa mapafu waanze na cha hospitali moja kwa moja.

Niende wapi hapa Dar?

Anza na daktari wa kawaida kwenye hospitali unayotibiwa, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa kifua. Usifunge safari kutoka Mbagala mpaka Upanga kabla ya kupiga simu. Uliza mambo matatu: mnacho kipimo cha usingizi cha usiku, ni cha nyumbani au cha kulazwa, na ripoti inasomwa na nani. Kama una bima, uliza kibali kabla ya kipimo. Bei iombe kwa maandishi, na mwajiri akisema ndiye anayelipa, hilo nalo liwe kwenye maandishi.

Zahanati moja mjini iliwahi kumgongea dereva niliyemfahamu mhuri wa "anafaa" bila hata kumpima presha. Alifurahi siku ile. Ukigongewa mhuri wa namna hiyo, ujue hujapimwa.

Nijiandae vipi usiku wa kipimo?

Usinywe pombe siku hiyo, maana inalegeza koo na kuharibu picha. Kahawa iishie mchana. Dawa zako za presha na kisukari endelea nazo, ila mwambie daktari unachomeza chote, pamoja na piritoni na dawa za mafua, ambazo zinalewesha usingizi. Ukiweza, fanya siku ambayo hujatoka safari ndefu.

Jambo ambalo halimo kwenye fomu lakini huwasaidia sana madaktari: mwombe mke au utingo akurekodi kwa simu dakika 3 ukiwa umelala, sauti isikike vizuri. Kile kimya kikisikika kwenye video, maelezo hayahitajiki tena.

Nimepewa namba "AHI 22". Maana yake?

Ni wastani wa mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua sana kwa saa moja. Chini ya 5 ni kawaida. 5 hadi 14 ni hali ndogo, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Wewe uko kwenye ya kati. Tazama pia oksijeni ya chini kabisa usiku ule. Watu wawili wenye 22 wanaweza kutofautiana sana, mmoja oksijeni ikishuka hadi asilimia 90 na mwingine hadi 74.

## 4. Baada ya majibu

Nikikutwa nao, nimepoteza kazi?

Hili ndilo swali la kweli nyuma ya maswali yote, na ndilo linalofanya watu wadanganye kwenye fomu. Apnia inatibika, na dereva aliyetibiwa anarudi barabarani. Wengi wanatumia mashine usiku wa kwanza na kuniambia hawakujua kwamba asubuhi inaweza kuwa na wepesi wa namna ile.

Kisheria, kumwachisha mtu kazi kwa sababu za afya kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ya ugonjwa yenye cheti cha daktari ni hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ukiachishwa isivyo haki, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Usisubiri tajiri "akifikirie".

Dereva mpya ajue hili pia: ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki hauwafikii walio na chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Naliona ni pengo linaloumiza, kwa sababu linamfanya kijana anyamaze katika miezi ile ile ambayo angepaswa kusema. Ushauri wangu ni kupima na kuanza tiba kabla ya kuomba kazi. Ukiingia na ripoti inayoonyesha tatizo limedhibitiwa, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Nikificha tu, nani atajua?

Pengine hakuna, mpaka siku ya ajali. Siku hiyo wapo watu ndani ya daladala iliyokuwa mbele yako. Sina jibu refu zaidi la hili.

Hiyo mashine ya CPAP inafanya nini?

Inapuliza hewa ya kawaida ya chumbani kwa shinikizo dogo kupitia kinyago cha pua au cha pua na mdomo, na shinikizo hilo linashikilia koo wazi. Haitoi oksijeni ya mtungi wala dawa. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1981, na mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza kwa hali ya kati na kali. Haiponyi. Inafanya kazi usiku unaoivaa.

Wiki ya kwanza ni ngumu. Unajiona kama umefungwa, pua inakauka, kinyago kinaacha alama. Ivae kwanza ukiwa macho, nusu saa unapotazama taarifa ya habari, halafu ndipo ulale nayo. Kinyago kinachovuja hewa kuelekea machoni ni saizi mbaya, kibadilishwe.

Ninalala kwenye gari. Mashine nitaiwasha vipi?

Hapa ndipo madereva wengi hukata tamaa, na hakuna sababu ya kukata tamaa. Malori makubwa mengi yanatumia umeme wa volti 24, magari madogo 12. Mashine nyingi za CPAP zina adapta maalumu ya gari, lakini adapta lazima ilingane na volti za lori lako. Ukichomeka ya volti 12 kwenye 24 unaiunguza. Mpelekee fundi umeme wa magari mashine yenyewe asome maandishi yaliyo nyuma, na aweke fyuzi.

Kinachokula umeme zaidi ni kipasha maji kinacholainisha hewa. Ukiwa Dar na joto lake unaweza kukizima, na betri za gari zitakuwa na nguvu ya kuwasha injini asubuhi. Ukipanda Makambako kwenye baridi, pua itakukumbusha, kiwashe kidogo. Maji yawe yaliyochujwa kwa mvuke, yale yale yanayouzwa kwa betri ila chupa iwe safi na haijafunguliwa, na hakikisha ni maji matupu wala si ya asidi. Usiache maji ndani gari likitembea, yataingia kwenye mota.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Kichujio kinachotakiwa kubadilishwa kila mwezi, kwenye barabara zetu kikague kila wiki. Kikiwa na rangi ya udongo, kimekwisha. Kinyago kioshe kwa maji na sabuni ya kipande, kisha kianike kivulini. Wakati wa safari mashine ikae kwenye begi lake juu ya kitanda, isikae sakafuni penye miguu na ndoo.

Namba ya asilimia 70 inatoka wapi?

Ni kipimo cha matumizi kinachotumika sana Marekani: kuvaa mashine angalau kwa muda wa saa 4, katika asilimia 70 ya usiku, yaani usiku 21 kati ya 30. Mashine yenyewe inaandika kwenye kadi yake ndogo, hivyo hakuna cha kubishana. Ichukulie kama sakafu tu. Ukilala saa 7 na kuivaa 4, saa 3 zilizobaki koo linajifunga kama zamani.

Kuna njia nyingine bila mashine?

Zipo, kulingana na hali. Kifaa cha meno kinachovuta taya la chini mbele husaidia hali ndogo na ya kati, na hutengenezwa na daktari wa meno. Tezi kubwa zinaweza kuondolewa. Ambaye mikato yake inatokea zaidi akilala chali, anasaidiwa na kulala ubavu. Kupunguza uzito kunapunguza mikato, na kwa wengine kunaimaliza, lakini kunachukua miezi, na miezi hiyo bado unaendesha. Anza tiba, uzito ufuate.

## 5. Yasiyo ya kawaida

Mimi ni wa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Si vinatosha?

Vinafunika usingizi kwa saa chache na kuuahirisha. Koo halijui kwamba umekunywa kahawa. Mirungi ndiyo kabisa: kwa sheria ya Tanzania ni dawa ya kulevya, na ikiisha nguvu usingizi unakuangukia wote kwa pamoja, mara nyingi alfajiri.

Naendesha usiku, nalala mchana. Kipimo nifanye lini?

Fanya katika muda unaolala kila siku. Kama usingizi wako ni saa 3 asubuhi hadi 9 alasiri, funga kifaa muda huo na umwambie msomaji wa ripoti. Giza, feni na simu iliyozimwa vitasaidia.

Mimi ni utingo. Mzee ninayesafiri naye anakatika pumzi akilala. Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Usimwambie mbele ya madereva wenzake kijiweni, wala akiwa amekasirika mizani. Subiri mmekula, mmetulia. "Shikamoo mzee, usiku niliogopa. Ulinyamaza kupumua mpaka nikataka kukuamsha." Halafu mpe simu asikilize mwenyewe. Wazee wengi hubisha maneno, lakini sauti yao wenyewe huwanyamazisha. Akikataa na ukamwona anasinzia barabarani, mwombe asimame. Una haki ya kuogopa kufa.

Nimepunguza kilo 15. Naweza kuuza mashine?

Pima tena kwanza, kwa kipimo kile kile, usiku usioivaa. Majibu yakiwa chini ya 5 na husinzii, daktari ataamua. Na usinunue mashine iliyotumiwa na mtu mwingine bila shinikizo lake kupangwa upya kwa ajili yako.

Nimekwama foleni ya mpakani siku 3, betri imekwisha, nimelala bila mashine. Foleni ikifunguka niendeshe?

Apnia inarudi usiku ule ule unaoacha mashine, na usingizi wa mchana unarudi nyuma yake. Kwa siku hizo lala ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo, na usiguse bia. Foleni ikisogea, mpigie tajiri umwambie ukweli kabla hujavuka. Kama umesinzia hata mara moja kwenye kiti ukisubiri, sogeza gari hadi maegesho ya kwanza yenye usalama, chaji, lala usiku mmoja kamili na kinyago, kisha uondoke asubuhi.